Puti Juu ya Gazeti

Alhamisi asubuhi Msasa alifika gereji akiwa bado anachokonoa meno, akamkuta dada yake ameshamtangulia. Pikapu imeegeshwa mbele ya kontena la vifaa, imeziba njia yote, na dada amesimama kando yake mikono kiunoni, anaangalia paa kwa jicho la mtu aliyeuziwa kitu kibovu.

“Shikamoo, dada.”

“Marahaba. Njoo uone, gari langu limeota majipu.”

Msasa ni fundi wa bodi. Kunyoosha bati lililobondeka, kuziba, kupiga puti ya kujazia mabonde, kusugua mpaka mkono uteleze: hiyo ndiyo kazi yake kwa miaka ishirini na zaidi, na jina la Msasa alilipata huko huko kwenye kusugua. Wenye ulimi mkali husema alipewa kwa sababu hata maneno huyalainisha. Mtajionea wenyewe.

Akakanyaga tairi, akapanda, akachungulia. Juu tu ya kioo cha mbele, kuanzia katikati kwenda upande wa abiria, rangi nyeupe ilikuwa imevimba vipele, na vingine vimepasuka vikatoa uji wa kahawia. Akagonga kwa kidole. Bati zima hulia; pale palitoa mlio butu, kama amegonga boga. Hakuhitaji kugonga mara ya pili. Kilichomo mle chini alikijua yeye kuliko mtu yeyote duniani.

“Yote haya ni kazi ya yule dereva, Taratibu,” dada akasema kutoka chini. “Maji aliyoyaingiza kwa kuacha vioo wazi yameniozesha gari zima. Mwaka wa nne huu hayupo, bado ananitia hasara!”

Sasa hapo ndipo mtu mwenye haya angefungua mdomo. Msasa naye aliufungua, ndiyo, akasema, “Niachie tu, dada. Jumamosi utaikuta mpya.”

Jamani!

Sikilizeni ilivyokuwa. Miaka mitano nyuma pikapu hii hii ililetwa ikiwa na tundu la kutu pale pale, la ukubwa wa kiganja. Dawa yake kila fundi anaijua: unakata bati lote lililooza mpaka ukutane na chuma chenye afya, unatengeneza kiraka kipya, unakichomelea. Lakini umeme ulikuwa umekatika siku ya pili, mashine ya kuchomelea imelala, na dada anapiga simu kila saa kwamba mikate inamlalia. Basi Msasa akafanya wanachofanya mafundi wa bodi shetani anapowakalia begani. Akachukua gazeti alilokuwa akilisoma, akalikunja, akaziba nalo tundu, akapiga puti juu, akasugua, akapaka rangi. Likatoka paa zuri la kupigia picha. Akajiambia, nitairudia umeme ukirudi. Umeme ulirudi kesho yake. Yeye hakuirudia.

Mwaka uliofuata mvua zikaja. Dada ana kiwanda kidogo cha mikate, na siku za mvua mifuko ya unga hupandishwa ndani ya kabini, kwenye kiti cha abiria, isilowe. Unga ukafika umelowa. Mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Dereva wakati huo alikuwa huyo Taratibu, mtu aliyesoma dawati moja na Msasa na kucheza naye mpira wa matambara, aliyeitwa hivyo kwa sababu aliendesha gari kama amebeba mayai, hata kuku walikuwa wakimpita. Dada akamuuliza: umeacha kioo wazi? Taratibu akasema hapana. Dada akampandisha kwenye pikapu, wakaja wote wawili mpaka gereji, akamuuliza ndugu yake: hili paa linavuja?

Msasa akapanda, akagonga upande wa dereva, ule mzima, akagonga tena ili wasikie. “Paa hili ni jiwe, dada,” akasema. “Muulize dereva wako kama huwa anakumbuka kupandisha vioo.”

 Taratibu alimwangalia Msasa, halafu akatazama chini. Wiki mbili baadaye unga ulilowa mara ya nne, na dada akamfukuza kazi mbele ya wafanyakazi wote, wamesimama na aproni zao, wanasikiliza anavyoitwa mzembe na mwongo. Dereva aliyefuata akaambiwa aifunge mifuko kwa nailoni; unga haukulowa tena, na dada akaona kweli kosa lilikuwa la Taratibu. Tangu siku hiyo Msasa akawa anazunguka mtaa mzima ili asipite mlangoni kwa rafiki yake. Aliambiwa kwamba anapiga pasi nguo za watu sasa. Akasema, “Ah, pole yake,” kama vile kapatwa na mafua.

Turudi Alhamisi. Dada alikuwa anakabidhi ufunguo, Msasa akidhani yameisha, ndipo akasema, “Tena nimekumbuka. Unajua amethubutu kunitaja mimi?”

“Nani?”

“Huyo Taratibu wako. Ameomba kuendesha basi la shule, ile ya karibu na sokoni. Mkuu wa shule jana kanipigia, anasema kati ya walioomba huyu ndiye anayempendeza, ila anataka kujua aliondokaje kwangu. Nimempa ahadi, kesho saa sita mchana namjibu.”

Msasa akauliza, “Utamjibu nini?”

“Kwani kuna majibu mangapi? Watoto wa watu wale! Nitasema kweli tupu, huyo ni mzembe na hakubali kosa.”

“Lakini dada, miaka minne. Si umsamehe tu yaishe?”

“Unga nilishausamehe,” dada akasema, na hapa sauti yake ilishuka, hasira ikampungua, ikabaki ile huzuni ya mtu aliyeumizwa na wa karibu. “Yule nilikuwa namwachia funguo za nyumba. Kilichonishinda ni uongo, mdogo wangu. Ananiangalia machoni, anasema hakuacha kioo wazi. Angekubali tu, angekuwa kwangu mpaka leo. Mtu akinidanganya usoni mimi nimemalizana naye.”

Akaondoka zake kwa miguu. Msasa akabaki na ufunguo mkononi.

Akajitupa kwenye kazi. Huwezi kuchomelea paa kabla hujavua kile kitambaa cha dari kwa ndani, utaunguza gari, kwa hiyo akaanza nacho. Akang’oa taa ndogo ya juu, akalegeza vishikizo, akakivuta kitambaa taratibu kikaja chote kwenye mapaja yake. Kilikuwa na alama ya maji upande wa abiria, pete ndani ya pete, ya kila msimu wa mvua. Akainua uso.

Gazeti lilikuwa linamwangalia. Limekauka kwa puti, rangi imekuwa ya chai ya rangi, kutu imelila pembeni, lakini linasomeka. Ukurasa ulioelekea chini ni ule wa chemshabongo, na visanduku nusu vimejazwa kwa kalamu ya bluu. Kwa mwandiko wake mwenyewe! Yaani mtu ameiba na kuacha kitambulisho.

“We Msasa, una bisibisi ndogo?”

Alikuwa ni Waya, fundi wa umeme wa magari, jirani yake hapo gereji, mtu wa kuingiza kichwa kila penye upenyo. Akakiingiza mlangoni, akatazama juu, akacheka mpaka akashika mbavu.

“Mama yangu! Gazeti! Ni mwendawazimu gani aliyefanya kazi hii?”

“Nitajuaje,” Msasa akasema. “Mafundi wa siku hizi.”

“Akamatwe, acheni mchezo. Watu kama hawa ndio wanaotuharibia jina.” Akachukua bisibisi, akaenda zake anacheka, na kila aliyepita akamwita aje aone.

Msasa alikaa kwenye kile kiti cha abiria, kitambaa mapajani, masikio yanawaka. Alijichukia. Mara ya kwanza alidanganya kwa kuogopa, basi, binadamu huogopa. Hii ya leo aliidanganyia nini? Waya angemfanya nini zaidi ya kumcheka? Uongo ulikuwa umemtoka wenyewe, laini, bila kuusugua.

Mchana alikata kauli kwamba atamaliza mambo kimya kimya. Achore mstari, akate, atupe, achomelee kiraka kipya. Safari hii kazi ya kweli, chuma kwa chuma, mpaka gari life paa libaki. Kufika jioni kusingekuwa na gazeti wala chemshabongo, na dunia ingeendelea. Akachora kwa chaki kuzunguka vipele. Akavaa miwani. Akawasha grinda, diski ikazunguka, akaisogeza mpaka karibu na bati.

Akaizima.

Akaiwasha tena. Akaizima. Waya akapiga kelele kutoka kule kwake, “Unakata au unaimbisha?”  Msasa alikuwa anafikiria kwamba saa sita kesho mkuu wa shule atasikia neno mzembe, atafuta jina kwenye karatasi, na Taratibu hataambiwa hata sababu. Ataendelea kupiga pasi. Na yeye Msasa atakuwa amemfukuza kazi mara mbili, ya pili hata kabla hajaianza. Akafunga kontena mapema, akaenda nyumbani, chakula kikamshinda.

Ijumaa saa tatu asubuhi akampigia dada simu. “Njoo gereji.”

“Kuna nini? Limeoza zaidi?”

“Njoo kwanza, dada. Kabla hujampigia yule mkuu wa shule.”

Alikuja amevaa aproni, unga kwenye nywele, uso umekunjamana kwa wasiwasi wa gari lake. Msasa alikuwa amejaza maji kwenye jagi la plastiki. Alikuwa ametafuta maneno tangu alfajiri, akayakosa, kwa hiyo akaamua kusema kwa njia anayoijua.

“Ingia ndani. Kaa upande wa abiria.”

“Nikae nifanye nini? Nimeacha tanuri linawaka!”

“Kaa tu, nakuomba. Pandisha kioo. Na kile cha upande wa dereva. Hakikisha mwenyewe kwa mkono wako.”

Dada akazungusha vishikio vya vioo, huku na huku, mpaka mwisho, akinung’unika kwamba ndugu yake ameanza kuchanganyikiwa. Msasa akakanyaga tairi, akapanda. Puti ya zamani ilikuwa bado iko mahali pake, hajaigusa. Akainamisha jagi, akamwaga maji pole pole pale juu ya kioo cha mbele, kama mvua ya manyunyu.

 Mara akasikia kutoka ndani, “We! We, acha, unanilowesha!” Hakuacha. Akamwaga mpaka jagi likaisha. Kisha akashuka, akafungua mlango wa dereva, akaingia, akakaa kwenye usukani.

Dada alikuwa ameshikilia aproni yake mapajani. Maji yalikuwa yanadondoka kutoka juu, tone kwa tone, katikati kabisa ya mapaja, pale pale mfuko wa unga unapokaa. Akatazama kioo cha kulia. Akatazama cha kushoto. Vyote vimefungwa. Ndipo akainua uso taratibu, akaliona gazeti.

Hakuuliza ni kazi ya nani. Dada huyu ndiye aliyemlea Msasa mama yao alipofariki, ndiye aliyemshika mkono akamfundisha kuandika, na ile herufi ya k iliyovutwa mkia kama jongoo aliijua. Akanyoosha kidole, akaigusa, akakishusha.

“Siku ile nilipokuja naye hapa,” akasema. “Ulikuwa unajua?”

“Nilijua.”

“Ukagonga paa.”

“Niligonga upande mzima.”

“Ukanitazama.”

“Nilikutazama, dada.”

Alitegemea kofi. Angelipokea kwa mikono miwili, hata angemshukuru. Lakini dada aliufunika uso kwa aproni iliyolowa, akakaa hivyo, na mabega yake yakawa yanatikisika. “Nimemwita yule mtu mwongo,” akasema ndani ya kitambaa. “Mbele ya watu wangu wote. Nimemwambia atoke asiguse hata kikombe chake. Ee Mola wangu, na kikombe chake bado ninacho.”

“Nisamehe.”

“Mimi?” Akashusha aproni. Macho mekundu. “Unaniomba mimi? Shuka. Shuka kwenye gari langu, twende.”

Wakaenda kwa miguu, dada mbele, Msasa nyuma, kama mtoto aliyevunja kioo cha jirani. Waya akauliza wanakwenda wapi. Msasa akasimama, akageuka. “Lile gazeti ni langu,” akamwambia. “Nililiweka mimi.” Waya akasimama na bisibisi mkononi, anawatazama wanakwenda. Msasa alidhani atapata nafuu kidogo. Hakupata.

Taratibu alikuwa kwenye varanda ya nyumba ya vyumba vya kupanga, nyuma ya meza iliyotandikwa blanketi kuukuu, anapiga pasi suruali ya mtu. Amepungua, nywele zimeanza mvi, lakini mkono ni ule ule, hauna haraka. Alipowaona aliisimamisha pasi kwanza, vizuri, isiunguze, ndipo akafuta mikono.

“Karibuni,” akasema.

Dada hakungoja kupewa kiti. Alisema yote pale pale kwenye varanda, kwa sauti, majirani wakiacha ndoo zao kusikiliza: kwamba alimtukana mtu asiye na kosa, kwamba paa lilikuwa linavuja, kwamba kuanzia leo yeyote akimuuliza atasema hajapata kuwa na dereva mwaminifu kama huyu.  Kisha akatoa simu, akampigia mkuu wa shule, akaweka spika. Akamweleza kila kitu bila kujipunguzia, na wala hakumpunguzia ndugu yake. Mkuu wa shule akamsikiliza mpaka mwisho, akasema, “Basi, mama, mwambie Jumatatu saa kumi na moja alfajiri awe getini.”

Mke wa Taratibu, aliyekuwa amesimama mlangoni muda wote huo, akapiga kigelegele kimoja, akaanza kulia. Akaingia ndani kutenga chai. Dada akamfuata kumsaidia, na wale wanaume wawili wakabaki na meza katikati yao.

Msasa alikuwa ameandaa maneno njiani. Yote yalikuwa yamemtoka. “Ni mimi niliyeweka gazeti,” akasema, kama vile halijasemwa. “Na nilijua siku ile.”

“Najua,” Taratibu akasema.

“Unajua kwa kuwa dada ameku—”

“Hapana. Nilijua tangu mvua ya kwanza. Niliona maji, nikafungua kona ya kile kitambaa, nikachungulia. Nikaliona gazeti, na mwandiko wako.”

 Msasa akashika ukingo wa meza. “Kwa nini hukusema? Ungesema tu! Ungemwonyesha!”

“Niseme nini? Wewe ni ndugu yake tumbo moja. Niwagombanishe?” Taratibu alikuwa anakunja ile suruali, mshono juu ya mshono. “Nikasema, Msasa ni rafiki yangu, hataniacha. Atasema mwenyewe. Nikakupa wiki moja. Ikaisha, nikakuongezea nyingine, nikasema labda anatafuta namna. Hata ile siku ananifukuza, nimesimama pale mbele ya watu, nilikuwa naangalia mlangoni. Nilidhani utaingia.”

Ukisikia mtu amekosa mahali pa kuweka uso, ndiyo hapo. Msasa alisema nisamehe. Akasema tena. Machozi yakamtoka, mtu mzima na ndevu zake, na hakuyafuta.

“Nimekusikia,” Taratibu akasema. “Na ahsante kwa leo. Kazi nilikuwa naihitaji.”

Kutoka ndani mke wake akaita kwamba chai tayari, vikombe vinne. Taratibu akazima pasi, akazunguka meza, akafika mlangoni. Msasa akapiga hatua moja kumfuata, kama walivyozoea tangu utotoni, mmoja akiingia mwingine nyuma.

Taratibu akageuka, akaweka mkono kwenye fremu ya mlango. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuua Msasa.

“Wewe leo sikukaribishi,” akasema. “Usinielewe vibaya, sitaki ugomvi na wewe. Ila nikikukalisha kwenye kiti changu leo tukacheka, nitakuwa nakudanganya. Njoo siku nyingine, tutaona.”

Akaingia. Pazia likashuka nyuma yake. Msasa akasikia viti vinavutwa, kijiko kinazungushwa kwenye kikombe, dada yake anasema neno na mke wa Taratibu anamjibu kwa upole. Akasimama pale varandani mpaka majirani wakarudi kwenye ndoo zao, halafu akaenda zake gereji kukata lile paa.